Hori limejaa, mbavu zinahesabika: kulungu wa kufugwa na chakula anachokichagua

Swali limetoka kwa dada mzaliwa wa Singida, ambaye siku hizi anafanya kazi kwenye shamba la kulungu katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Hapa tuna kulungu wa aina mbili. Kuna 14 wa asili ya huku, wenye mkia mweupe kwa chini, na kuna 30 wenye madoa na pembe pana kama kiganja, ambao asili yao si huku. Wote tunawapa hei moja ya nyasi. Wa madoa wamenawiri. Wa mkia mweupe wanaichambua, wanaikanyaga, wanaikojolea, na wawili wameanza kutoka mbavu. Ila tukimwaga mahindi wanapigana. Bosi anasema wanadeka, njaa ikiwabana watakula. Mimi nimekulia kwenye mbuzi, naona si kudeka. Baridi ndiyo hiyo inaingia. Nifanye nini? Halafu kuna jike mmoja mzee, anatafuna hei kisha anaitema mabonge mabonge. Naye anabagua?"

Marahaba, dada yangu. Umeona sawasawa, na hao mbuzi wa utotoni wamekufundisha zaidi ya unavyodhani. Kulungu wako wa mkia mweupe hawadeki. Wamewekewa chakula ambacho matumbo yao hayakiwezi, na njaa hailigeuzi tumbo likawa tumbo jingine. Tafadhali msisubiri iwabane. Mnyama wa aina hiyo anaweza kufa kwa utapiamlo huku tumbo limeshindiliwa hei. Limekwisha kuonekana mara nyingi huko Marekani, pale watu wenye huruma walipowamwagia kulungu wa porini nyasi kavu wakati wa theluji wakidhani wanawaokoa. Walipopasuliwa, matumbo yalikuwa yamejaa.

Niseme neno kuhusu jina, maana kuna watakaosoma wakiwa Iringa au Kitale wakamfikiria mnyama mwingine. Kulungu wa vichaka vya kwetu ana pembe za kudumu, haziangushi. Hao wa kwako ni ukoo mwingine kabisa, ambao dume huangusha pembe kila mwaka na kuotesha mpya. Ndio ayala wa kwenye Biblia. Nitaendelea kuwaita kulungu kwa kuwa ndivyo watu wengi wanavyosema, na pia kwa sababu linapofika suala la kula, kulungu wetu wa vichakani na huyo wa mkia mweupe wanaelewana vizuri sana. Wale wa madoa nitawaita dama, kwa jina lao la kisayansi.

Tofauti kati ya makundi yako mawili ilianza kueleweka vizuri hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa maumbile ya wanyama kutoka Ujerumani, Reinhold Hofmann, alikuwa akifundisha Nairobi. Alichunguza matumbo ya wanyama pori wa Afrika Mashariki wanaocheua, mmoja baada ya mwingine, toka digidigi hadi nyati, akitazama ukubwa wa kila chumba, unene wa kuta, tezi za mate, upana wa midomo. Kazi hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1973. Alichokiona ni kwamba wacheuaji hawako namna moja. Wako walaji wa nyasi, kama nyati, nyumbu na kongoni. Wako wachaguzi wa majani laini, machipukizi na matunda, kama digidigi, tandala na twiga. Na wako wa katikati, kama swala pala na pofu, wanaokula nyasi zikiwa changa na kuhamia kwenye majani ya miti zikikomaa. Baadaye Hofmann aliupeleka mpango huohuo kwa kulungu wa Ulaya na Marekani, nao ukawakaa. Mkia mweupe aliangukia upande wa digidigi. Dama aliangukia katikati, pamoja na kulungu mwekundu wa Ulaya.

Kwa hiyo hori lenu moja linalisha wageni wawili tofauti: ni kama mmewawekea swala pala na digidigi chakula kimoja, kisha mkashangaa kwamba mmoja anakonda.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho yako, anza na mdomo. Ng'ombe ana mdomo mpana na ulimi unaozoa. Hukusanya fungu zima la nyasi na kulikata. Mkia mweupe ana mdomo mwembamba kama ncha ya koleo na midomo inayojongea kama vidole. Simama karibu naye anapopewa lusini kavu, ule mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Utamwona akiingiza pua katikati ya mabua, akichomoa jani moja, jani jingine, na kuacha bua likiwa uchi. Hana meno ya mbele kwa juu, kwa hiyo tawi halikati bali analichana, na ncha hubaki na nyuzi zinazoning'inia. Kwa alama hiyo watu wa misitu wa huko hujua kama mche umeliwa na kulungu au na sungura, maana sungura hukata safi, kwa mshazari, kama kisu.

Ndani ya tumbo ni vivyo hivyo. Ng'ombe ni kama mama mwenye chungu kikubwa cha maharage juu ya moto mdogo: kinachemka tangu asubuhi, haraka hana, nyuzi ngumu zote zitalainika. Mkia mweupe ana sufuria ndogo na moto mkali. Anataka mchicha. Chakula chake kinapaswa kuiva haraka na kupita, nafasi ipatikane kwa kingine. Mtilie nyasi iliyokomaa na sufuria inaziba. Nyuzi ndefu hazivunjiki kwa wakati, hazipiti kwenda chumba kinachofuata, na kwa kuwa tumbo limejaa, ubongo unaambiwa "tumeshiba". Hapo mnyama anaacha kula huku mwili wake unajila wenyewe.

Hili nililijua kwa uchungu. Nikiwa bado kijana kazini niliitwa kwenye bustani moja ya wanyama kumtazama digidigi jike aliyekuwa amelala siku ya pili. Walikuwa wakimpa nyasi kavu safi, yenye rangi ya kijani bado, nyasi ambayo ningempa ndama wa ng'ombe bila wasiwasi. Nilimpapasa, nikakuta tumbo limejaa, nikawaambia shida si chakula. Alikufa usiku ule. Asubuhi nilipompasua nilikuta katika tumbo la kwanza bonge la nyuzi zilizosokotana kama singa za mkonge, na katikati pakavu. Mafuta yanayozunguka figo, ambayo ndiyo akiba anayoishia nayo mnyama, yalikuwa yamegeuka uteute wa rangi ya waridi. Mnyama wa kilo tano alikuwa amekufa njaa mbele ya macho yangu na nimeandika "lishe nzuri" kwenye daftari. Tangu siku hiyo, nikiulizwa habari ya mnyama anayebagua chakula, swali langu la kwanza ni kile anachopewa. Tabia yake naiulizia baadaye.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa musi, kulungu mkubwa kupita wote duniani, ambaye dume lake linaweza kuzidi kilo 500. Ungedhani mwili huo ungekula chochote. Kumbe bustani za wanyama zilihangaika naye miaka mingi: alipewa hei kama ng'ombe, akaharisha, akakonda, akafa mapema. Katika kituo cha utafiti wa musi kwenye rasi ya Kenai, Alaska, watafiti walikuja kutengeneza chakula maalumu katika miaka ya 1980, na sehemu yake kubwa ya nyuzi ilikuwa vumbi la mbao za mti wa aspeni. Naam, vumbi la mbao. Nyuzi za mti huvunjika vipande vidogo vifupi na kupita, ilhali nyuzi za nyasi hukaa na kufungana, na tumbo la musi limezoea mti.

Sasa kuhusu uchungu wa majani. Wewe uliyechunga mbuzi umewaona wakiacha nyasi na kupanda mgunga, mti ambao maganda yake tunatengenezea ngozi. Kinachokausha ulimi katika mgunga, katika chai kavu, katika ndizi mbichi, ni tanini. Inashikana na protini na kuifanya isimeng'enyeke. Ng'ombe na kondoo hawana kinga ya maana dhidi yake. Mkia mweupe na ndugu zake wana tezi kubwa za mate, na mate hayo yana protini maalumu inayoikamata tanini mdomoni kabla haijaleta hasara tumboni. Ndiyo maana wanaweza kula tunda la mwaloni kwa wingi wakati wa vuli. Tena si kwamba wanaivumilia tu. Kulungu mdogo wa Ulaya aitwaye roe, akiwa kizuizini na kupewa chakula kilekile katika vyombo viwili, kimoja chenye tanini kiasi na kingine kisicho nayo, hula vyote viwili kwa mchanganyiko wake. Haendi moja kwa moja kwenye kile kitamu akabaki hapo. Mwili wake unaitaka kiasi. Kwa hiyo ukimwona mkia mweupe akitafuna gome chungu la mti ilhali pembeni yake kuna chakula kizuri cha kiwandani, usimfukuze.

Ila hapa ni lazima niseme upande wa pili, maana uchaguzi wa mnyama si mwongozo wa kila kitu. Mahindi wanayoyagombania ndiyo yatakayowaua upesi kuliko hei. Porini kitu chenye wanga mwingi huja kwa msimu, kidogo kidogo, kimetapakaa chini ya majani, na ushindani ni mkubwa. Mnyama aliyeumbwa kukila chote anachokikuta hakuwahi kuhitaji breki. Ninyi mnamwaga ndoo. Vijidudu vya tumboni vinavyokula wanga huzaana kwa kasi, hutoa asidi, asidi huua vile vijidudu vingine na kuunguza ukuta wa tumbo, kisha maji ya mwili huvutwa kuingia tumboni. Mnyama husimama kichwa chini, husaga meno, huharisha majimaji, hulala. Inaweza kuchukua siku moja hadi tatu tangu ale mpaka afe. Anayepona mara nyingi hubaki na kwato zinazorefuka na kupinda, na hatembei tena sawasawa. Mkubwa wa kundi ndiye huathirika kwanza kwa kuwa yeye ndiye aliyewasukuma wengine.

Mahindi siyakatazi kabisa. Mimi huruhusu kama robo kilo kwa mnyama mzima kwa siku, yaliyopasuliwa, baada ya kuyaingiza polepole kwa wiki mbili tatu, na kamwe si kabla hajala majani. Na ujue mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu. Dume anayeotesha pembe na jike mwenye mimba wanahitaji chakula chenye takriban 16. Jambo jingine sina haja ya kukueleza kwa urefu, kwa kuwa umetoka nchi inayolijua: sumukuvu. Mahindi ya bei rahisi yanayouzwa kwa ajili ya kulungu yanaweza kuwa yale yaliyokataliwa kwingine. Yakiwa na ukungu au harufu ya stoo yenye unyevu, tupa.

Haya, hori. Kwa mkia mweupe ondoeni hei ya nyasi iwe si tegemeo. Tafuteni lusini kavu ya mkato wa pili au wa tatu, yenye majani mengi na mabua membamba. Ukiishika mkononi isikuchome. Wekeni zaidi ya wanavyohitaji na mkubali theluthi ibaki. Hayo mabua yanayobaki bosi wako atayaita hasara, lakini ndiyo bei ya kumfuga mchaguzi: ukimlazimisha amalize mabua umemrudisha kwenye hei ileile. Pamoja na lusini, nusu kilo hivi ya chakula cha peleti, yaani vidonge vya kiwandani, kwa kila mnyama, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kulungu, chenye protini ya asilimia 16 na nyuzi za kutosha. Kila badiliko lifanyike kwa siku 14 hadi 21, robo kwa robo, maana hao vijidudu wa tumboni nao wanahitaji muda wa kupishana. Jike wa kilo 55 atakula kwa siku kama kilo moja na nusu ya chakula, ukiondoa maji yaliyomo. Kwa hiyo ukipima kinachoingia na kinachobaki, unajua mwenyewe kama anakula au anachezea.

Kisha matawi. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa ndipo mashamba mengi huona uvivu. Kila siku wapeni matawi mabichi: mierebi, mforosadi, mpea, mtufaha, maple, mwaloni. Wakati huu majani yameanguka, lakini vichipukizi na maganda ya vitawi vyembamba bado ni chakula, na kazi ya kuchana huwatuliza, hasa madume yanayozungukazunguka uzio. Mwakani, mwezi wa Juni na Julai, kateni matawi yenye majani, myafunge mafungu na kuyaanika kivulini. Au myashindilie kwenye mapipa yasiyoingiza hewa kama tunavyofanya sileji. Bustani nyingi za wanyama za Ulaya hulishia hivyo twiga wao wakati wa baridi. Msichukue matawi ya miti ya mapambo msiyoijua, wala yaliyotupwa na watu waliopogoa bustani zao. Kulungu hula vitu vya ajabu bila madhara, hata ule mmea wa huko unaowatoa watu malengelenge ya ngozi, lakini kizuizini mnyama mwenye hamu ya majani hukosa ile nafasi ya kuonja kidogo na kuhama, na kidogo kinaweza kuwa kingi.

Mkikata, kateni juu ya pale kulungu wa porini wanapofika, yaani juu ya mita mbili. Sababu ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ule unaoharibu ubongo polepole. Ulitambuliwa kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliokuwa kizuizini Colorado, na huko Pennsylvania uliingia kwenye rekodi mwaka 2012, kwa kulungu wa kufugwa. Hauna dawa wala chanjo. Hupita kwa mate, mkojo na kinyesi, na kisababishi chake hukaa ardhini miaka. Kwa hiyo msimwage chakula chini, msiruhusu wa porini kugusana pua na wa kwenu kupitia uzio, na yale masalia ya lusini ya mkia mweupe msiyahamishie kwa dama ili kubana matumizi. Najua hilo ndilo wazo la kwanza litakalokuja. Yafanyeni matandiko humohumo. Nanyi kabla ya kuanza kukusanya matawi, ulizeni idara ya kilimo ya jimbo, kwa sababu kuna maeneo yaliyowekewa masharti.

Hukusema kama hao wawili waliotoka mbavu ni madume au majike, na jibu lake lina uzito. Kupandana kwao kunafikia kilele katikati ya Novemba. Dume katika wiki hizo hasikii chakula. Anaweza kupoteza robo ya uzito wake hata akiwa amezungukwa na lusini, na hiyo ni kawaida yake ya kila mwaka. Jike akikonda wakati huu, kwanza tazameni chakula, minyoo na meno, na msiusahau ule ugonjwa wa kukonda. Vilevile, ikifika Januari utaona wote wamepunguza kula, pengine kwa theluthi nzima, na msiogope mkaanza kuwabembeleza kwa mahindi. Miili yao hushusha moto wakati wa baridi, hukaa kimya na kula mafuta ya vuli. Ndiyo maana huu mwezi na ujao una thamani kubwa: asiyeingia Januari na mafuta hamtampa mafuta hayo mwezi wa Februari.

Kwa dama, hei yenu si mbaya mradi iwe laini na iliyokatwa kabla ya kutoa mbegu. Wapeni na wao matawi, watafurahi, ila hawatakufa wasipoyapata kila siku.

Kama bosi wako analalamikia gharama, mwambie habari za New Zealand. Walianza kufuga kulungu mwekundu kwa leseni mwaka 1970, na baada ya miaka kadhaa waligundua kwamba malisho ya nyasi za kondoo peke yake hayatoshi. Wakaanza kuwapandia chikori na klova nyekundu, mimea yenye majani mapana inayovunjika haraka tumboni. Ekari moja au mbili za mchanganyiko huo masika ijayo zitapunguza sana magunia ya peleti, na mkia mweupe wataushambulia.

Na ili asikuambie ni maneno ya daktari wa mbali, fanya jaribio la wiki moja. Unahitaji mzani wa jikoni na vyombo vitano vinavyofanana. Weka nusu kilo nusu kilo ya hei ya nyasi, lusini, vitawi vya mwerebi, vitawi vya mwaloni, na peleti. Tenga wanyama wawili au watatu walio watulivu, kila mmoja na boma lake, maana wakiwa kundini utapima ubabe badala ya upendeleo. Waache saa mbili, pima kilichobaki, andika. Kesho yake badilisha nafasi za vyombo, kwa kuwa kuna mnyama anayependa kona kuliko chakula. Siku mbili za kwanza usizihesabu: kitu kigeni wanakinusa, wanang'ata kidogo, wanaondoka, wanarudi. Huo ndio uangalifu uliowaweka hai porini. Baada ya siku ya tatu takwimu zako zitatulia, na utakuwa na karatasi ya kumwekea bosi mezani. Rudia mwezi wa Aprili, na utakuta orodha imebadilika. Utawaona hata hao wa mkia mweupe wakila nyasi, zile changa za masika, laini kama mboga, na watalamba chumvi kuliko wakati mwingine wowote. Wawekeeni madini ya kulungu au ya ng'ombe. Yale ya kondoo hupunguzwa shaba kwa makusudi kwa sababu shaba humuua kondoo, na kulungu akikosa shaba miguu ya nyuma huanza kulegea.

Horini wekeni nafasi moja zaidi ya idadi ya wanyama, na ziwe mbalimbali, mmoja asiweze kulinda mbili kwa kugeuza shingo. Nimeshaona kundi ambalo wanyonge walikuwa wakila mabua ya wenzao majira yote ya baridi, na mwenye shamba akisema hao ndio wabaguzi.

Nimalizie na yule mama mzee. Huyo habagui. Anayebagua haingizi kitu mdomoni. Huyu anaingiza, anatafuna, anashindwa, anatema. Okota moja ya hayo mabonge ulipasue. Ukikuta nyuzi ndefu zimelowa mate bila kusagika, magego yake yamelika au kuna jino limevunjika na linamchoma shavu. Tazama pia kama taya lake lina uvimbe upande mmoja, na kama kinyesi chake kina vipande virefu kuliko cha wenzake. Mwiteni daktari wa mifugo amtazame mdomo akiwa amepewa dawa ya usingizi, msijaribu kumshika kwa mikono, kulungu hufa kwa kukurupushwa. Mpaka daktari afike, mtengee peke yake, mpe peleti zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji mzito, na majani ya lusini uliyoyapukutisha kwa mkono bila mabua. Mpimie asubuhi na jioni. Ukiona chombo kinarudi kitupu na mabonge yamekoma, umeshajua ni meno.